Ubwege Jukwaani Una Hesabu Zake

Kila ukumbi mdogo unapotangaza kwamba unairudisha jukwaani tamthilia ya Samuel Beckett au ya Eugène Ionesco, maswali huwa yale yale. Inahusu nini? Mbona hakuna kinachotokea? Na nisipoelewa, kosa ni langu au ni lao? Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na jina. Wahakiki wa Kiswahili wamezizoea kama tamthilia za kibwege, na mkondo wenyewe wanauita ubwege. Sasa, bwege katika mazungumzo ya kila siku ni mtu mjinga, kwa hiyo wengi hudhani wanaalikwa kutazama ujinga uliovishwa maleba. Wapo hata waongozaji wanaoamini hivyo, na hao ndio wanaoiharibu kazi.

Neno lililotafsiriwa hapo, absurd, lina asili ya Kilatini, absurdus, na maana yake mojawapo ya kale ni sauti iliyotoka nje ya wimbo. Picha hiyo inasaidia kuliko ufafanuzi wowote mrefu. Mwimbaji aliyepotea wimbo hutambulika kwa sababu wimbo upo na wengine wanaufuata barabara. Pasipo wimbo, hakuna wa kusema amekosea. Ndivyo zilivyo tamthilia hizi: kila kipande kimepangwa, ila vipande haviafikiani. Saa inagonga lakini si saa hiyo. Watu wanazungumza lakini hawajibizani. Mtu anasema "twende" na mguu hauinuki. Aliyesoma Amezidi ya Said Ahmed Mohamed anaijua ladha hii tayari.

Jina la pamoja waandishi hawa walipewa na mhakiki Martin Esslin katika kitabu chake cha mwaka 1961. Wenyewe hawakuwa chama wala hawakuwa na ilani. Beckett alikuwa Mwairlandi, Ionesco mzaliwa wa Romania, Arthur Adamov mzaliwa wa Urusi, wote wakiandika Kifaransa mjini Paris. Na walianzia kwenye kumbi ndogo. Tamthilia ya kwanza ya Ionesco, La Cantatrice chauve, yaani "Mwimbaji Mwenye Upara", ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 11 Mei 1950 katika ukumbi wa Noctambules. En attendant Godot ya Beckett, "Kumngoja Godot", ilifuata tarehe 5 Januari 1953 katika ukumbi wa Babylone, ambao nao haukuwa mkubwa. Na tangu 1957 ukumbi wa Huchette, wenye viti visivyofika mia, umekuwa ukiionyesha La Cantatrice chauve miaka nenda miaka rudi, kwa uongozaji ule ule wa Nicolas Bataille. Kwa hiyo ukumbi wa watu sitini si mahali pa kuibania tamthilia hii. Ndipo ilipozaliwa.

Kabla ya mazoezi kuna barua. Kuwa ya zamani hakuifanyi tamthilia kuwa mali ya kila mtu. Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Beckett alifariki Desemba 1989, kwa hiyo huko kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2059. Ionesco alifariki 1994, ongeza miaka mitano. Anayetaka kitu cha bure arudi nyuma mpaka Ubu Roi ya Alfred Jarry, iliyotikisa Paris mwaka 1896, kwani Jarry alifariki 1907. Barua ya kuomba ruhusa itaje jina la ukumbi, idadi ya viti, idadi ya maonyesho, bei ya tiketi, tafsiri itakayotumika na waigizaji watakaocheza. Usichapishe bango kabla jibu halijafika kwa maandishi. Na ukumbuke kwamba tafsiri ina mwenyewe: hata pale maandishi ya asili yalipokwisha kuachiwa, mfasiri wa juzi bado ana haki yake.

Mkataba wa Beckett huwashangaza wengi kwa ukali wake. Hukati mistari, huongezi muziki, hubadilishi mandhari, hubadilishi jinsia ya wahusika. Mwaka 1984 kikundi cha American Repertory Theater huko Marekani kiliiweka tamthilia yake Endgame ndani ya stesheni ya treni za chini ya ardhi iliyotelekezwa. Beckett alipinga, na mwafaka uliopatikana ni kuchapisha maneno yake ya kulalamika ndani ya kijitabu cha onyesho. Mwaka 1988 alikwenda mahakamani Uholanzi kuizuia Godot ya waigizaji wanawake, na akashindwa. Unaweza kumwona mwenye choyo. Lakini angalia maandishi yake: maelekezo ya jukwaani ni sehemu ya utunzi, kama vile vituo vilivyo sehemu ya muziki. Ukiondoa kimya kimoja umeondoa sauti moja.

Tafsiri ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote. Beckett aliitafsiri Godot mwenyewe kwa Kiingereza, na matoleo hayo mawili hayalingani kila mahali. Katika Kifaransa, Vladimir, mmoja wa wawili wanaomngoja Godot, anakumbuka kuvuna zabibu kwa mtu fulani katika kijiji cha Roussillon, na jina la mtu analitaja. Katika Kiingereza jina la mtu limemtoka, na la kijiji limemtoka. Huyo anakumbuka, huyu amesahau: ni watu wawili tofauti wa kuigiza. Chagua toleo moja na ushikamane nalo, la sivyo mwigizaji mmoja atakuwa na akili ya toleo hili na mwenzake ya lile.

Kwenye Mwimbaji Mwenye Upara kuna mtego wa saa ambao mfasiri wa Kiswahili asipoangalia anauingia kichwakichwa. Pazia likifunguka, saa ya ukutani inagonga mara kumi na saba, kisha Bi Smith anataja saa. Kwa hesabu ya Kizungu anasema tisa. Kwetu hiyo ni saa tatu, saa tatu ya usiku, watu wamekwisha kula. Ukiandika saa tisa, umewalisha chakula cha jioni mchana au usiku wa manane, na kichekesho kimeongezwa ambacho mwandishi hakukiweka. Mtazamaji atacheka, lakini atacheka mahali pasipo penyewe, na kinachofuata kitamkuta amepotea njia.

Tukae kidogo na saa hiyo, maana ndani yake kuna somo zima. Migongo kumi na saba, yaani milio ya saa ikigonga, kwa mwendo wa sekunde moja na nusu ni kama sekunde 25 za kutotokea chochote. Fundi sauti mwenye huruma atataka kuipunguza iwe minane. Asiguse. Mpaka mgongo wa kumi na mbili hadhira bado inaamini ni saa ya kawaida. Wa kumi na tatu mtu mmoja anageuza shingo. Wa kumi na tano ukumbi umeanza kucheka, na wa kumi na saba wameshakubali sheria za nyumba ile bila kuelezwa. Baadaye kidogo saa inagonga mara saba, kimya, mara tatu, kimya, halafu maelekezo yanasema kwamba saa haigongi hata mara moja. Unachezaje mgongo ambao haupo? Waigizaji wanatulia, wanasubiri kiasi kile kile walichosubiri mara mbili zilizotangulia, halafu wanaendelea. Ndiyo maana kila mfululizo wa migongo uwe faili lake na kitufe chake. Wanaorekodi yote kwenye faili moja hujikuta kompyuta ndiyo inayoamua urefu wa kimya, na mwigizaji anabaki kuifukuzia.

Hapo tunafikia dhana potofu iliyo kubwa kuliko zote: kwamba kwa kuwa "haina maana", mwigizaji ana ruhusa ya kufanya chochote. Sauti za kuchekesha, macho ya kutoa, mwendo wa kibwege. Ni kama mtu anayesimulia kichekesho akaanza kucheka mwenyewe kabla hajafika mwisho. Wasikilizaji wanamtazama tu. Bataille na wenzake waliyasema maneno ya Ionesco kwa uzito kamili, kama watu wanaojadili mambo ya maana sebuleni, na hapo ndipo yalipochekesha. Kanuni ya mazoezi ni rahisi: kila mhusika anataka kitu halisi katika kila mstari. Estragon, mwenzake Vladimir katika Godot, anataka buti limtoke mguuni. Hataki "kuwakilisha binadamu anayeteseka". Ukimpa buti linalobana kweli, saizi moja chini ya yake, nusu ya uigizaji imekwisha.

Vifaa basi. Godot ina wahusika watano na mti mmoja, na kwa kuisoma juu juu utasema ni kazi ya bei nafuu. Ila kila kifaa kina kazi ambayo ikishindwa inaonekana.

Chukua kamba ya suruali. Karibu na mwisho, Estragon anafungua kamba inayoshikilia suruali yake iliyo kubwa mno, suruali inaanguka, wanaijaribu kamba kwa kuivuta kila mmoja upande wake, inakatika, wanakaribia kuanguka. Kamba hiyo hiyo imemshikilia tangu mwanzo wa onyesho, na sasa lazima ikatike kwa mvuto mmoja. Kamba moja haiwezi kazi zote mbili. Suluhisho ni kushona kifungo cha ndoano kwa ndani ya kiuno, kisichoonekana, ambacho ndicho kinachobeba suruali. Kamba inakuwa pambo. Wakati wa kuifungua, kidole gumba kinaiachia ndoano kwa siri. Kamba yenyewe iwe ya pamba, isiwe ya nailoni, kwani nailoni hunyumbuka na kukata viganja kabla haijakatika. Ikate kabisa katikati, kisha uiunganishe kwa mizunguko miwili mitatu ya uzi wa kushonea. Maonyesho kumi yanataka kamba kumi, na nyingine kama nane za mazoezi, zote zitengenezwe na mtu mmoja ili nguvu yake isibadilike. Kiuno cha suruali kizidi cha mwigizaji kwa sentimita 15 hivi, na kitambaa kiwe kizito, maana kitambaa chepesi hunasa mapajani. Si jambo dogo: mwaka 1953 mwigizaji wa kwanza alipokuwa akiizuia suruali isishuke yote, Beckett alimwandikia mwongozaji Roger Blin akisisitiza ianguke mpaka chini kabisa. Aibu ya nusu si kichekesho wala si msiba.

Kamba ya Lucky, mtumwa anayeongozwa na bwana wake Pozzo, nayo ina hesabu. Anaingia kwanza yeye, kamba shingoni, anafika katikati ya jukwaa kabla Pozzo hajaonekana. Jukwaa la upana wa mita sita lina mita tatu hadi katikati. Ongeza mita moja ambayo Pozzo amejificha pembeni na mita moja ya kulegea. Unahitaji mita tano. Katika sehemu ya pili Pozzo amekuwa kipofu na maandishi yanataka kamba fupi zaidi, kwa hiyo ziwe kamba mbili, na kila moja iwekewe alama mapema; kuingia na ile ndefu katika sehemu ya pili ni kosa linalotokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Kitanzi kisiwe cha kukaza hata kidogo. Kishonwe kiwe duara la kudumu lenye kifungo cha kunata nyuma ya shingo ambacho kinaachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu. Na anayevuta havuti: Lucky ndiye anayejirusha mwenyewe, Pozzo anamfuatisha.

Karoti inaliwa kweli mbele ya watu, na tanipu inang'atwa. Karoti kavu humpalia mwigizaji ambaye sekunde tatu baadaye ana mstari. Ichovye maji ya moto dakika moja, italainika kidogo na bado italia ikitafunwa. Mti unabaki mtupu sehemu ya kwanza, na katika ya pili una majani manne au matano. Usiweke ishirini. Mkono unaosita kuweka machache namna hiyo ni mkono ambao bado unaona haya.

Kwa Endgame tatizo ni mapipa mawili ambamo wazee Nagg na Nell wamekaa. Kumbi kubwa zina mlango wa sakafuni. Ukumbi mdogo hauna. Kata mgongo wa kila pipa, uliegemeze kwenye pazia jeusi, mwigizaji aingie kwa kutambaa kutoka nyuma na kukaa kwenye mto. Acha uwazi wa kutosha wa hewa na usimweke mtu humo kabla ya dakika ya mwisho. Kwa Les Chaises, "Viti", tatizo ni kinyume chake: Ionesco alitaka viti arobaini hivi viingie jukwaani, kwa kasi inayozidi kuongezeka, huku wageni wanaovikalia hawaonekani. Waigizaji wanaoonekana wakati huo ni wawili, lakini nyuma ya pazia lazima kuwe na watu wawili watatu wanaowapokeza viti mkononi, na viti viwe vyepesi, visivyo na mikono, vinavyopita mlangoni bila kugeuzwa. Anzeni mazoezi na viti halisi tangu wiki ya pili. Vikija wiki ya mwisho, vidole vitabanwa.

Sasa mazoezi yenyewe. Tamthilia ya kawaida ina hadithi, na hadithi humshika mwigizaji mkono: baada ya barua kuna ugomvi, baada ya ugomvi kuna kifo. Ubwege una mizunguko. Maneno ya kumngoja Godot yanarudi tena na tena karibu vile vile, kama njia panda zinazofanana kwenye barabara moja. Mwigizaji anakata kona isiyo yake na ghafla mko kurasa ishirini mbele, au mmerudi mlikotoka, na hakuna aliyegundua mpaka kijana mjumbe anaingia mapema. Dawa yake ni kuyagawa maandishi vipande vyenye namba, na kila mara maneno yanaporudi mwili uwe mahali pengine: mara ya kwanza kasimama karibu na mti, ya pili kaketi, ya tatu kampa mwenzake mgongo. Kumbukumbu ya miguu hudanganya mara chache kuliko ya ulimi.

Hotuba ya Lucky, maneno kama 700 yasiyo na nukta, huwatisha watu mpaka wanaiachia iwe kelele. Beckett alipoiongoza Godot mwenyewe katika ukumbi wa Schiller mjini Berlin mwaka 1975, alianzia mazoezi hapo hapo, akaigawa: kwanza mbingu zisizojali, kisha binadamu anayesinyaa, kisha dunia ya mawe. Kumbe ina ramani. Mwigizaji akiijua ramani anaweza kukimbia. Asipoijua anaweza kupiga kelele tu.

Halafu kuna kimya. Maandishi yanatofautisha kituo na kimya, na mwongozaji azitofautishe pia. Kituo ni wazo linalovuta pumzi. Kimya ni wazo lililogonga ukuta. Wiki za mwanzo zihesabiwe kwa vidole: mbili kwa kituo, nne au tano kwa kimya. Kisha saa ya kupimia iwe mezani kila mazoezi ya mfululizo, kwa sababu vimya hunenepa. Waigizaji wanavipenda, kila usiku wanaongeza sekunde, na vimya mia vilivyoongezwa sekunde tatu tatu ni dakika tano za uchovu mtupu. Godot iliyo na afya huchukua saa mbili na kitu bila mapumziko. Ikifika tatu, usitafute kosa kwenye maandishi.

Ukumbi mdogo husikiza kila kitu. Mtazamaji wa safu ya mbele yuko mita moja na nusu kutoka kwenye buti la Estragon. Friji ya soda iliyo nje ya ukumbi, feni, kiti kinacholia, vyote vinaingia ndani ya kimya na kukigeuza kuwa kusubiri fundi. Zima friji robo saa kabla, na mtu mmoja apewe kazi ya kuiwasha tena. Mwezi unaochomoza ghafla mwishoni mwa kila sehemu unaweza kuwa duara la plastiki ya ukungu lenye taa ndogo ndani, likivutwa kwa mshipi wa kuvulia. Roda ipakwe mafuta, maana mwezi unaolia kama mlango wa stoo utachekesha usipotakiwa. Taa za milango ya kutokea zisifunikwe, hata kwa ajili ya giza zuri kiasi gani.

Bado lipo swali la kwenye mlango: Godot ni nani? Wengi husikia ndani yake jina la Mungu kwa Kiingereza. Lakini tamthilia iliandikwa Kifaransa, na kwa Kifaransa Mungu ni Dieu. Mfanano wenyewe unapungua hapo hapo. Beckett alikataa tafsiri hiyo. Kwa mazoezi, jibu lenye manufaa ni kwamba Godot ni yule ambaye hawa wawili wameahidiana naye na hajafika. Kila aliyewahi kusubiri simu ya majibu anaelewa bila mhadhara. Wale wanaosema hizi ni kazi za wasomi wakumbuke gereza la San Quentin, California, Novemba 1957: kikundi kutoka San Francisco kiliicheza Godot mbele ya wafungwa wapatao 1,400, na waliifuatilia kwa makini hadi mwisho. Mwaka mmoja na ushei kabla yake, Januari 1956, huko Miami, watazamaji walioahidiwa kichekesho cha kuvunja mbavu waliondoka kwa makundi. Tofauti haikuwa elimu. Miami walidanganywa na tangazo. Bango la ukumbi mdogo liseme ukweli: watu wawili, mti, jioni mbili, wanamngoja mtu.

Na mwisho wenyewe una mtego wake. Mmoja anasema twende, hawasogei, pazia. Ukumbi mdogo mara nyingi hauna pazia, una taa tu. Fundi taa akizima haraka, hadhira haijaona kwamba hawakusogea, na kitendo cha mwisho cha tamthilia kimepotea. Akichelewa, mtu wa safu ya tatu anaanza kupiga makofi. Ahesabu sita tangu neno la mwisho, azishushe taa kwa sekunde nne, kisha giza kamili kwa tatu. Waigizaji wasiondoke mahali pao mpaka taa za ukumbini ziwake.